Pikapu imekufia njiani: namna ya kuirudisha nyumbani kwa tela la kukodi

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya kwa sababu ya kuzunguka vijijini kupima udongo, lakini simu zenu hazikukaa kimya. Na katika simu zote nilizopokea, iliyonifanya niandike leo haikuhusu kanitangaze wala mbolea ya kukuzia. Ilihusu pikapu.

Najua kuna atakayesema bwana shamba ameacha ugani amekuwa fundi gari. Hapana bwana. Ukishalima kibiashara, gari lako ni zana ya shamba sawasawa na pampu ya maji. Nyanya ikiwa imeiva na gari liko kando ya barabara limelala, hasara yako inahesabiwa kwa saa. Na kwa huku kwetu ukanda wa Ilula, ambako kila kijana mwenye heka mbili za nyanya ameshanunua au anatamani kununua Hilux ya zamani, haya mambo yanatokea kila wiki. Watu wanazungumza sana habari ya kununua gari. Habari ya kulirudisha nyumbani likikufa, nani anafundisha?

Basi mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu alinipigia saa 11 jioni. "Bwana shamba shikamoo, nimekwama." Alikuwa na makasha 28 ya nyanya nyuma, anakwenda kukutana na mnunuzi barabara kuu. Kilomita 31 kutoka nyumbani kwake, kati ya hizo 22 za vumbi na 9 za lami. Tairi la nyuma kushoto lilianza kulia, likaanza kucheza, halafu akasikia harufu ya kuungua. Akashuka akakuta oili imechuruzika kwenye rimu, na tairi limetoka nje kidogo kuliko lilivyotakiwa kukaa.

Wenye Hilux za zamani mtakuwa mmeshaelewa. Ni beringi ya ekseli. Kwenye difu za aina ile, beringi iliyoko mwisho wa ekseli ndiyo inayoshikilia ekseli isichomoke. Ikifa kabisa, ekseli, dramu na tairi vinaweza kutoka vyote kwa pamoja ukiwa kwenye mwendo. Na ile oili ya difu inayovuja inaingia ndani ya dramu, breki ya tairi hilo inakuwa haina kazi. Kwa hiyo gari lile, injini nzima, gia nzima, lakini halikuwa la kuendeshwa hata mita 500.

Nilimuuliza kwanza, mzigo ukoje? Akaanza kunieleza habari ya fundi. Nikamkatisha. Mzigo kwanza. Gari linaweza kulala, nyanya iliyoiva rangi nyekundu haiwezi, hasa ikiwa imebanwa kwenye makasha ya mbao na juani imeshakaa mchana kutwa. Akasimamisha Kanta iliyokuwa inarudi tupu, wakaelewana shilingi 60,000, makasha yote 28 yakahamishwa na kumfikia mnunuzi saa 3 usiku. Ile 60,000 ilimuuma. Lakini piga hesabu mwenyewe kasha moja siku hiyo lilikuwa shilingi ngapi, uzidishe kwa 28, uone kama inauma kweli.

Faida ya pili ya kuhamisha mzigo ni kwamba gari lisilo na mzigo linaweza kupakiwa. Lenye tani moja ya nyanya juu, huliinui popote.

Kwa nini sikukubali avutwe kwa kamba

Wazo lake la kwanza lilikuwa lile la kila mtu: kamba. Kuna rafiki yake mwenye gari, kuna kamba ya manila, twende.

Kamba ina mahali pake. Gari limeishiwa mafuta, magurudumu yote yanazunguka vizuri, breki na usukani ni vizima, barabara tambarare, umbali mfupi: sawa. Nje ya hapo ni kubahatisha. Gari ambalo injini imezimika linapoteza nguvu ya servo ya breki. Unakanyaga mara mbili tatu halafu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Sasa wewe uliye nyuma, umefungwa mita nne kutoka kwenye bampa la mwenzio, vumbi lake lote machoni, na mteremko mbele. Utasimamaje?

Gari la gia za otomatiki ndiyo kabisa. Pampu inayolainisha gia zake inazungushwa na injini. Ukilivuta kwa matairi yale yanayoendesha yakiwa chini, gia zinazunguka bila mafuta, na unafika nyumbani na ugonjwa wa pili ulio ghali kuliko wa kwanza. Gari la kuendesha kwa matairi yote manne nalo lina mambo yake. Bora lipandishwe lote.

Na kuna hili la kamba kukatika. Kamba ya nailoni inavutika kama mpira, inatunza nguvu ndani yake, na siku ikikatika au ndoano ikichomoka, inarudi kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa. Nimeona mtu kavunjwa mguu akiwa amesimama pembeni tu anaangalia, mikono mfukoni. Popote mnapovuta kitu, iwe kwa kamba, waya au mnyororo, watu wasogee mbali kuliko urefu wa hiyo kamba yenyewe. Watoto wafukuzwe kabisa. Wao ndio wa kwanza kujaa.

Kwa kesi ya kijana wetu, hata mjadala haukuwepo. Tairi linalotaka kuchomoka haliwezi kuvutwa kwa kamba. Kuna waliomshauri aite fundi palepale. Fundi alikuja kwa bodaboda, akaangalia, akasema ukweli: beringi ile inaingizwa kwenye ekseli kwa mashine ya kukandamiza, na mashine iko mjini. Kufanya kwa nyundo kando ya barabara ni kuua beringi mpya kabla haijatembea.

Zikabaki njia mbili. Gari la bredauni kutoka mjini walitaka shilingi 450,000. Trekta na tela, tutaona.

Kabla hujatoa hela ya kukodi

Kulikuwa na mzee kijijini kwao mwenye trekta la hp 75 na tela la shamba la tani 5, ekseli moja. Msimu wa kulima ukiisha, tela hilo hubeba mchanga, matofali, mahindi, chochote. Nilikwenda mwenyewe na kijana usiku ule ule. Kamwene, shikamoo mzee, tukakaa, tukaongea habari za mvua kwanza. Vijana wengi mnaharakisha hapa. Mnafika na shida yenu mnataja bei mkiwa mmesimama. Mzee akishakuona una haraka, na bei nayo inapanda.

Tuliafikiana shilingi 120,000 kwa safari nzima, dizeli juu yetu, dereva ni wa kwake na posho yake imo humo. Halafu nikaomba karatasi. Mzee akacheka, lakini tukaandika. Tumeandika nini? Kwamba bei ni ya safari na si ya saa, maana kupakia gari kunaweza kula nusu siku. Pancha ya tela ni ya nani (tulikubaliana ni ya mwenye tela, isipokuwa kama tumezidisha uzito). Dizeli inapimwa vipi: tuliingia kazini tanki likiwa limejaa, tunarudisha limejaa. Na kitu kikivunjika kwenye pikapu wakati wa kupakia, mwenye trekta hahusiki, hayo ni yetu. Nusu ya hela mkononi, nusu tukifika. Nikapiga picha tela pande zote nne kwa simu, ili kesho asiseme bodi limekunjwa na sisi.

Muulize pia habari ya bima na kadi ya tela, hasa kama mtagusa lami. Tela lina usajili wake na namba zake, usidhani linaingia kwenye karatasi za trekta. Na dereva awe na leseni ya daraja linalomruhusu. Trafiki akikusimamisha na gari bovu mgongoni, maelezo yako hayatakuwa na utamu.

Kisha tochi, tukaingia chini ya tela. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopita haraka.

Tela la shamba halitembei mbali. Linakwenda shambani na kurudi, kwa hiyo ubovu wake unajificha. Kwanza beringi: piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, kaza au kataa. Ingekuwa aibu ya mwaka kufuata gari lililokufa beringi kwa tela ambalo nalo litakufa beringi. Angalia nati za magurudumu zote zipo na zimekazwa. Upepo wa matairi, na spea kama ipo. Halafu jicho la kuunganishia, lile tundu la chuma mbele ya mkono wa tela. Likiwa limeliwa hadi limekuwa jembamba upande mmoja, usilipakie gari. Pini iwe ya chuma chenyewe, siyo kipande cha nondo, na chini iwe na kibano kinachoizuia kuruka juu kwenye mashimo. Nyaya au mtambaa hautoshi. Juu ya hapo weka mnyororo wa akiba kutoka tela kwenda kwenye trekta, ili pini ikikatika tela lisiende peke yake.

Sakafu. Hii wengi hawaifikirii. Tela la tani 5 likibeba magunia, uzito unatandazwa sakafu nzima. Pikapu tupu ya kebini moja ina tani moja na nusu hivi au pungufu (angalia kwenye kadi ya gari uzito mtupu), lakini uzito wote huo unasimama kwenye vipande vinne vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiganja viwili. Tairi la mbele linaweza kukanyaga kwa kilo 400. Bati la sakafu lililoliwa na chumvi ya mbolea halivumilii. Tulikuta sehemu mbili laini, tukatandika mbao nene mbili kwa urefu, moja chini ya kila mstari wa matairi.

Mwisho pima kwa futi. Hilux ndefu ya zamani inakaribia mita 4.9 toka bampa hadi bampa. Matela mengi ya shamba ya tani 5 sakafu yake ni mita 3.5 hadi 4. Kwa hiyo mlango wa nyuma wa tela unashushwa au unatolewa, na mkia wa pikapu unabaki nje. Hilo siyo tatizo ilimradi matairi yote manne yakae ndani, na kitambaa chekundu na viakisi viwe kwenye mkia. Upana nao: ondoa vioo vya pembeni au vikunje.

Kupakia bila rampu

Tuliondoka na trekta saa 12 asubuhi. Usiku sikukubali. Trekta lenye taa moja ya nyuma linatembea kilomita 15 kwa saa, na basi au lori linalokuja nyuma lina spidi 80. Dereva anakuona pale ambapo hawezi tena kufanya kitu. Gari lililala na mlinzi wa ghala la kijiji, tukampa shilingi 10,000. Ghali? Betri na tairi la spea pekee vinazidi hapo mara nyingi.

Ukifika, kitu cha kutafuta ni mwinuko. Sakafu ya tela iko juu kama mita moja. Ukitumia mbao fupi kama ngazi, gari linapanda kilima kikali, mbao zinateleza, na mtu aliyesimama katikati anabanwa. Tafuta mahali ambapo ardhi tayari iko juu: ukingo wa barabara uliokatwa na greda, jukwaa la kupakilia la ghala la AMCOS, rampu ya ng'ombe ya mnadani. Ukikosa kabisa, rudisha tela kinyumenyume mpaka matairi yake yaingie kwenye mtaro au shimo la kuchimba. Sakafu inashuka, pembe ya kupandia inapungua. Sisi tulikuwa na bahati, kiwanja cha ghala lile upande wa barabara kimeinuka karibu sawa na tela. Ilibaki nafasi ya futi moja, tukaiziba kwa mbao za inchi tatu.

Sasa sikilizeni hili vizuri wenye matela ya ekseli moja. Gari linapoanza kuingia kwa nyuma, uzito wake wote wa injini unakanyaga mkia wa tela kwanza. Mkia unashuka, mkono wa mbele unainuka, na unaweza kuinua hata kisigino cha trekta. Matairi makubwa ya trekta yakishapoteza kukanyaga, hata breki ya mkono haishiki tena, na kila kitu kinaanza kusogea. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote: trekta limefungwa lilelile, breki ya mkono, gia, magogo mbele na nyuma ya matairi ya tela, na gogo nene lililosimamishwa chini ya mkia wa tela kila upande. Magogo yale ya mkiani ndiyo kazi yenyewe. Dereva wa trekta alikuwa anaona tunapoteza muda. Pikapu ilipokanyaga, akaona magogo yanavyolia, akanyamaza.

Tuliivuta kwa winchi ya mkono iliyofungwa mbele ya tela. Tuliikodi kwa fundi shilingi 15,000. Winchi ya mkono ni polepole, ndiyo maana naipenda: ukiacha kuvuta, gari linasimama. Kuvuta kwa trekta la pili au kwa watu 20 wanaopiga kelele "haya twende" huwezi kusimamisha katikati. Kijana alikaa kwenye usukani, injini ikiwa inaunguruma ili breki za mbele ziwe na servo, gia huru. Kila nusu mita, wawili wanasukuma kabari za mbao nyuma ya matairi, wakiwa wamesimama ubavuni. Nyuma ya gari asisimame mtu. Lile tairi bovu lilizunguka kwa tabu na kwa kuyumba, lakini kwa mita sita za taratibu lilivumilia. Mtu mmoja kazi yake ilikuwa kuliangalia hilo tu.

Injini inatangulia mbele, upande wa trekta. Kwa matela madogo ya kubebea magari kipimo kinachotumika ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iangukie kwenye kiunganishio. Uzito ukizidi nyuma, tela linaanza kucheza kama mkia wa samaki na kuinua trekta kwa nyuma. Ukizidi mbele, matairi madogo ya trekta yanakuwa mepesi, unazungusha usukani trekta linakwenda moja kwa moja. Sisi hatukuwa na mizani. Tuliangalia kwa macho: mkono wa tela umekandamiza kidogo, matairi ya mbele ya trekta bado yamekaa kwa uzito wake. Kilomita ya kwanza ikatuthibitishia.

Kufunga. Hapa kamba za katani na manila zikae pembeni. Zinalegea, fundo linateleza, na zikilowa ndiyo kabisa. Tulitumia mikanda minne yenye kikazio, ile ya malori, mmoja kila kona, na mnyororo mmoja wa ziada nyuma. Funga kwenye ekseli au kwenye matairi yenyewe, usifunge kwenye bampa. Ukifunga kwenye bodi, springi zinacheza kwenye mashimo, mkanda unalegea na kukaza, unalegea na kukaza, mpaka unatoka. Kabari mbele na nyuma ya kila tairi, gia namba moja, handibreki. Na pale kwenye lile tairi bovu tuliweka gogo chini ya ekseli ili uzito usikae juu ya beringi iliyokufa.

Njiani

Dereva aliunganisha tela kwenye ndoano ya chini ya trekta, mahali pake. Nalisema hili kwa sababu nimeona vijana wanafunga mnyororo juu, karibu na kiti, "ili livute vizuri". Ukivuta kutoka juu na mzigo ukagoma, trekta linainuka mbele na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva, na halimpi muda wa kuruka. Daima ndoano ya chini.

Jambo la pili, pedeli za breki. Matrekta mengi yana pedeli mbili, kushoto na kulia, kwa ajili ya kukata kona shambani. Barabarani zinafungwa pamoja kwa kile kikomeo chake. Ukikanyaga moja peke yake ukiwa na tani tatu nyuma, tela linakuzungusha. Kikomeo cha trekta lile kilikuwa kimejaa kutu, tukakigonga mpaka kikaingia.

Hizo tani tatu sikuziokota hewani. Tela tupu kama tani moja na nusu, pikapu kama tani moja na nusu. Tela lile halina breki zake lenyewe, kama matela mengi ya huku. Kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, tani 3 zinakusukuma kutoka nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 300, muda wote, mpaka mteremko uishe. Ndiyo maana gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na haibadilishwi katikati. Anayeweka gia huru ili aokoe dizeli, huyo asiguse gari langu. Na mwendo: ukitoka kilomita 15 kwenda 30 kwa saa, nguvu ya kusimamisha inayotakiwa siyo mara mbili, ni mara nne.

Kuna mtu aliniuliza, je, kama gari lingekuwa limekufia chini kule Ruaha Mbuyuni na mashamba ya vitunguu, tungelipandisha Kitonga kwa njia hii? Jibu ni hapana. Trekta na tela lisilo na breki Kitonga, katikati ya malori ya Tunduma, hilo silifanyi hata kwa bure. Hapo lipa bredauni, au tafuta lori la kulipandisha lote ndani. Bei yake ni halali yao.

Baada ya kilomita mbili tulisimama tukakaza mikanda. Ililegea mitatu kati ya minne, na hiyo ni kawaida, gari linakaa vizuri kwenye mzigo baada ya kutikisika. Tukasimama tena kwenye kilomita 10, na tena kabla ya kuingia lami. Kila ukisimama gusa vikombe vya magurudumu ya tela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha kuunguza, usiendelee.

Ndani ya pikapu hakukaa mtu. Kijana alitaka kupanda "aangalie". Nikamwambia panda bodaboda. Bodaboda ilitufuata nyuma kama mita 100, taa zinawaka, shati jekundu mgongoni, ikiwaonyesha wenye magari wapunguze. Kwenye lami tulikaa kushoto kabisa na kila msururu ulipofika magari matano sita tukatafuta mahali tukasimama, wakapita. Dereva wa lori aliyekaa nyuma ya trekta dakika kumi anapoteza akili, anapita hata kwenye kona.

Saa 3 na robo tuliondoka ghalani, saa 6 mchana tulikuwa uani kwao. Hesabu ikawa hivi: trekta na tela 120,000, dizeli lita 25, shilingi 75,000, winchi 15,000, vibarua wawili 20,000, mlinzi 10,000, bodaboda ya kufuata 10,000. Jumla 250,000. Ukilinganisha na 450,000 ya bredauni, kabakiza 200,000. Mikanda ilikuwa ya kuazima. Mngekuwa mnalipia watu wote mliowashikisha kabari, tofauti ingepungua, na kwa umbali unaozidi kilomita 50 au 60 sidhani kama trekta lina maana tena. Dizeli na siku nzima ya kazi vinakula kila kitu.

Kwa wanaouliza gari lilikuwa na nini: beringi ilikuwa imesagika, sili imekatika, na ekseli yenyewe imelika pale beringi inapokaa, ikabidi anunue iliyotumika. Fundi akamuuliza huwa anapakia makasha mangapi. Kasha la nyanya la mbao likijaa ni karibu kilo 40, makasha 28 yanapita tani moja, barabara yenyewe unaijua. Na tairi lilianza kulia siku tatu kabla, akaongeza sauti ya redio. Anayesikia mlio unaobadilika na mwendo kutoka nyuma, au kuona oili ndani ya rimu, apeleke gari kwa fundi likiwa bado linatembea lenyewe.

Kikundi chao kiko watu wanane, wenye pikapu ni watatu. Jumapili wamechanga shilingi 35,000 kila mmoja kwa ajili ya winchi ya mkono, mikanda minne na pembetatu za akiba, vitakavyokaa kwa mweka hazina kwenye sanduku lenye daftari la kuazima. Bado wanabishana kama asiye mwanachama ataazimwa kwa shilingi ngapi, au asiazimwe kabisa. Wengine mnaofanya hivi vikundini kwenu, niambieni mmewekaje utaratibu, maana mimi wameniomba niwaandikie kanuni na kikao ni Jumamosi.